Tovuti ya duka la vifaranga: kupanga maboresho ili wageni waongezeke na wapige simu

Tovuti nyingi za biashara ndogo huboreshwa kwa kubadilishwa rangi. Mwenye duka anaona wageni ni wachache, anamwita fundi, fundi anaweka themu (mwonekano) mpya yenye picha zinazopishana juu ya ukurasa. Miezi mitatu baadaye wageni ni wale wale, au wamepungua, na hakuna anayejua sababu kwa kuwa hakuna kilichopimwa kabla.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja mwanzo hadi mwisho: tovuti ya duka linalouza vifaranga, mashine za kutotolesha mayai na vifaa vya kufugia kuku, yenye kurasa kama 40, iliyojengwa kwa WordPress, na ambayo wageni wake wengi wanatumia simu na bando. Mpango ni wa wiki 12. Unaegemea jambo moja: faida kubwa ya miezi ya mwanzo iko kwenye kurasa ulizonazo tayari, hasa zile ambazo Google inazionyesha lakini watu hawazifungui. Kurasa mpya zisubiri.

Kwanza, tovuti ina kazi gani?

Andika kwenye karatasi kitendo kimoja ambacho mgeni akikifanya, biashara imefaidika. Kwa duka hili ni kutuma ujumbe wa WhatsApp au kupiga simu kuulizia oda. Wageni 200 wanaoleta oda 12 wana thamani kuliko wageni 3,000 waliosoma makala na kuondoka. Kitendo hicho ndicho kitakachokuamulia kipi kifanywe kwanza pale kazi zitakapogongana, na zitagongana.

Wiki ya 1: weka vipimo, usiguse kingine

Vyombo viwili vya bure vinatosha. Google Search Console inaonyesha yaliyotokea kabla mgeni hajaingia: maneno aliyotafuta, mara ngapi ukurasa wako ulitokea, ulishika nafasi ya ngapi, na ulibofywa mara ngapi. Google Analytics inaonyesha alichofanya baada ya kuingia.

Kwenye Search Console, sajili domeni nzima kwa kuweka rekodi ya TXT kwenye DNS, yaani mipangilio ya domeni kule ulikoinunua. Ukisajili anwani moja tu, tuseme yenye www, takwimu za anwani isiyo na www hutaziona, na utadhani tovuti imekufa. Chombo hiki huhifadhi takwimu za miezi 16, kwa hiyo hata kama kazi yenyewe utaianza mwezi ujao, sajili leo ili takwimu zianze kujikusanya.

Kwenye Analytics kuna mitego minne. Wa kwanza, muda wa kuhifadhi takwimu za kina huja ukiwa umewekwa miezi 2. Nenda kwenye mipangilio uufanye 14, la sivyo mwakani hutakuwa na cha kulinganisha. Wa pili, ziara za ofisini zinahesabiwa kama za wateja mpaka uzichuje. Wa tatu ndio unaowaumiza wengi: kiungo cha WhatsApp kinahesabiwa chenyewe kama kiungo kinachotoka nje ya tovuti, ilimradi upimaji ulioboreshwa (enhanced measurement) umewashwa, lakini mguso kwenye namba ya simu hauhesabiwi. Ripoti itaonyesha WhatsApp 40, simu 0, na mwenye duka anaweza kuiondoa namba akidhani haitumiki. Tengeneza tukio (kitendo ambacho Analytics itakihesabu) la viungo vinavyoanza na tel: kupitia Google Tag Manager, chombo cha bure cha kuweka vipimo kwenye tovuti, kisha uyatie alama matukio yote mawili kuwa ndiyo muhimu.

Wa nne ni viungo unavyosambaza mwenyewe. Mtu akibofya kiungo kutoka kwenye kundi la WhatsApp, kwa kawaida Analytics humwandika kuwa amekuja moja kwa moja. Malizia anwani hiyo kwa ?utm_source=whatsapp&utm_medium=kundi, nawe utajua kundi linaleta watu au linakula muda wako. Alama hizo ni za viungo vya nje tu. Ukizitia kwenye viungo vya ndani ya tovuti, zinavuruga chanzo halisi cha mgeni.

Ufahamu pia Analytics inaposema mgeni "ameshiriki" inamaanisha nini: amekaa zaidi ya sekunde 10, au amefungua kurasa mbili na zaidi, au amefanya tukio muhimu. Aliyeona bei, akagusa namba na kupiga ndani ya sekunde 8 ni mgeni mzuri kabisa. Bila tukio la simu, mtu huyo ataandikwa kuwa alikuja na kuondoka bure.

Mwisho wa wiki andika takwimu za siku 28 zilizopita: mibofyo kutoka Google, kurasa kumi zinazoongoza, idadi ya WhatsApp na ya simu. Siku 28 ni wiki nne kamili, zenye Jumamosi nne kila mara. Ukilinganisha Februari na Machi utapata ongezeko ambalo ni siku tatu za kalenda tu.

Wiki ya 2: milango iliyofungwa, na kitufe

Hakikisha Google inaruhusiwa kuingia. WordPress ina kisanduku kwenye mipangilio ya usomaji kinachoziomba injini za utafutaji zisiorodheshe tovuti. Mafundi hukiwasha wakati wa ujenzi, na wakati mwingine husahau kukizima. Angalia pia robots.txt, faili linaloziambia injini za utafutaji zisiingie wapi (andika domeni yako ikifuatiwa na /robots.txt): mstari wa Disallow: / peke yake chini ya User-agent: * unaizuia tovuti nzima.

Kisha tuma ramani ya tovuti (sitemap, faili lenye orodha ya kurasa zako) kwenye Search Console na ufungue ripoti ya kurasa zilizoorodheshwa. Usihangaike na kila ukurasa uliokataliwa. Kurasa za lebo, za kumbukumbu za mwezi na za kikapu hazina haja ya kuonekana Google. Tafuta kurasa zako za bidhaa. Zikiwa zimeachwa, kagua anwani moja moja kwa chombo cha ukaguzi humo humo, kitakuambia kama tatizo ni noindex (alama inayoikataza Google kuuorodhesha ukurasa), ni nakala ya ukurasa mwingine, au ni kwamba Google imeuona lakini haikuona sababu ya kuuweka.

Sababu hiyo ya mwisho, kwa maduka yetu, mara nyingi ni bango. Orodha ya bei inatengenezwa kama picha, inapakiwa kwenye ukurasa, na chini yake hakuna maandishi. Mtu kwenye simu analazimika kuikuza kwa vidole viwili ili asome bei ya kifaranga wa siku moja, na Google haiwezi kutegemewa kusoma kilichomo. Bei iandikwe kwa maandishi, kwenye jedwali la kawaida la safu mbili au tatu. Bango libaki kwenye Instagram.

Wiki hiyo hiyo rekebisha mawasiliano, maana ni kazi ya saa moja na matunda yake huonekana mapema kuliko mengine yote. Kiungo cha WhatsApp kiandikwe wa.me/ ikifuatiwa na namba yenye msimbo wa nchi, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo: 2557... kwa Tanzania, 2547... kwa Kenya. Ukiibakiza sifuri hiyo, kiungo kinafunguka na kusema namba haipo. Ongeza ujumbe ulioandikwa tayari, ukitumia %20 badala ya nafasi:

?text=Habari,%20naulizia%20vifaranga%20vya%20kuroiler

Kila ukurasa wa bidhaa uwe na ujumbe wake, ili muuzaji ajue mteja ametokea ukurasa gani kabla hajauliza. Kitufe kiwekwe mara mbili: karibu na bei, na chini mwisho wa ukurasa. Kinachoelea pembeni si kibaya, ila kisifunike jedwali la bei kwenye skrini ndogo. Jaribu kwenye simu ya bei nafuu. Kwenye kompyuta ya fundi kila kitu hukaa sawa.

Wiki ya 3 hadi ya 6: kurasa zilizo karibu na mlango

Hapa ndipo pa kutumia nguvu. Kwenye Search Console fungua ripoti ya utendaji ya miezi 3, washa nafasi ya wastani, chagua nchi unazouza, kisha uipakue kama lahajedwali. Chuja kurasa zilizo kati ya nafasi ya 5 na ya 20, uzipange kuanzia zilizotokea mara nyingi zaidi. Hizo Google imekwisha kuzikubali. Zimebakiza hatua chache. Chagua tano tu.

Kwa kila moja, tazama maneno yaliyouleta. Usishangae jumla ya mibofyo ya maneno hayo ikiwa ndogo kuliko jumla ya mibofyo ya ukurasa, kwani maneno yanayotafutwa na watu wachache sana hufichwa kwa ajili ya faragha.

Tuchukue ukurasa wa mashine ya kutotolesha. Muuzaji ameuita "Automatic Egg Incubator 56" kwa sababu ndivyo kasha lilivyoandikwa. Wanunuzi wanaandika "mashine ya kutotolesha mayai", "mashine ya kuangua vifaranga", "kiangulio", "bei ya inkubeta". Ni kitu kimoja chenye majina manne. Hali ni hiyo hiyo kwenye ugonjwa wa kuku ambao mmoja anauita kideri, mwingine mdondo, na daktari wa mifugo anauita Newcastle. Kosa la kawaida ni kutengeneza ukurasa kwa kila jina. Kurasa nne zenye habari moja zinagombania nafasi moja, na Google inachagua mmoja kwa hiari yake, mara nyingi ule usioutaka. Tengeneza mmoja ulioshiba, jina linaloongoza kwenye lahajedwali lako liwe kwenye kichwa, na majina mengine yatumike ndani pale sentensi inapoyahitaji. Kama kurasa nne zipo tayari, hamishia mazuri yote kwenye mmoja na uelekeze tatu zilizobaki huko kwa 301, yaani elekezo la kudumu linalompeleka mgeni kwenye anwani mpya. Maelekezo hayo yaache yafanye kazi mwaka mzima, na zaidi ukiweza.

Baada ya hapo ni kichwa cha ukurasa, yaani maneno ya rangi ya bluu yanayoonekana kwenye matokeo ya Google. Weka yenye uzito mwanzoni, kwani kwenye simu kichwa kirefu hukatwa. Herufi 55 hadi 60 kwa kawaida ziko salama. "Karibu Kwetu – Nyumbani" hakimwambii mtu chochote. "Mashine ya Kutotolesha Mayai 56: Bei na Umeme Inaotumia" kinamjibu kabla hajabofya. Maelezo mafupi ya chini yake hayapandishi nafasi, ila yanasaidia mtu kuamua. Taja mahali duka lilipo na kama mnasafirisha mikoani. Kama plagini yako (programu ndogo inayoongezwa kwenye WordPress) bado ina sehemu ya kujaza maneno muhimu yaliyofichwa kwenye msimbo, iache tupu. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba haiyatumii kupanga matokeo.

Ndani ya ukurasa, jibu liwe juu. Aliyetafuta bei aione bila kusogeza skrini zaidi ya mara moja, ikiwa na tarehe ya kusasishwa. Tarehe hiyo ibadilike pale bei inapobadilika kweli. Baada ya bei yafuate maswali ambayo wateja wanayauliza kwenye simu kila siku, na hakuna chombo cha kulipia kinachoyajua kama anayeshika simu ya duka: inabeba mayai mangapi, inakula umeme kiasi gani, umeme ukikatika usiku mayai yanafanywaje, inageuza mayai yenyewe au kwa mkono, spea zinapatikana wapi. Kaa naye nusu saa, uandike kumi. Hayo yajibiwe kwa maneno ya kawaida na kwa namba: siku 21 za kuangua, nyuzijoto karibu 37.5, wati zilizoandikwa kwenye mashine.

Usirudie "mashine ya kutotolesha" katika kila sentensi ukidhani Google itafurahi. Msomaji anachoka kabla ya aya ya pili, na kujaza maneno namna hiyo kumeorodheshwa na Google yenyewe miongoni mwa makosa ya taka.

Kama una toleo la Kiingereza, kila lugha iwe na anwani yake, nazo zitambulishane kwa hreflang, alama ya msimbo inayoitajia Google lugha ya kila ukurasa: sw na en. Toleo la Kiswahili lililotafsiriwa na mashine bila mtu kulipitia ni hasara: humo "chicks" hugeuka "wasichana" na "layers" huwa "tabaka", na mfugaji akiona hivyo anafunga.

Malizia kila ukurasa kwa viungo viwili au vitatu vya ndani. Makala ya ratiba ya chanjo ielekeze kwenye ukurasa wa vifaranga, na wa vifaranga uelekeze kwenye vyombo vya maji na chakula. Maneno ya kiungo yaseme kinakokwenda: "bei ya vifaranga vya sasso", kamwe si "bofya hapa".

Wiki ya 7 na ya 8: uzito

Kasi kwa mgeni wa bando ni pesa yake. Pima kwa PageSpeed Insights, ukianza na kurasa zile tano, na usome sehemu ya simu. Juu kabisa kuna takwimu za watumiaji halisi za siku 28, kama wageni wanatosha; chini yake kuna jaribio la maabara. Alama kubwa yenye rangi ni ya maabara. Usiikimbilie.

Vipimo ni vitatu. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kionekane ndani ya sekunde 2.5. Ukurasa uitikie mguso ndani ya milisekunde 200. Kipimo hiki kilichukua nafasi ya cha zamani Machi 2024, kwa hiyo miongozo ya kabla ya hapo imepitwa. Cha tatu ni kuruka kwa maandishi wakati picha zinaingia, kisichotakiwa kuzidi 0.1. Lengo ni kwamba angalau ziara 75 kati ya 100 zifikie viwango hivyo.

Mkosaji wa kwanza ni picha, karibu kila mara. Picha ya kuku iliyopigwa kwa simu ina upana wa pikseli 4,000 na uzito wa MB 3 hadi 5. Kwenye ukurasa inaonekana kwa upana usiozidi wa kiganja. Ipunguze iwe pikseli 1,200, ihifadhi kama WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi) kwa ubora wa 75, na kwa kawaida itashuka chini ya KB 200 bila jicho kuona tofauti. Squoosh inafanya kazi hiyo bure ndani ya kivinjari. Andika upana na urefu wa kila picha kwenye msimbo wake ili nafasi itengwe mapema na maandishi yasiruke.

Kosa moja linafanywa kwa nia njema: plagini inawekwa icheleweshe picha zote mpaka mtu azifikie, ikiwemo ile ya juu kabisa. Picha hiyo ndiyo inayopimwa kwenye zile sekunde 2.5. Iondolee loading="lazy" na uiwekee fetchpriority="high"; za chini ziendelee kuchelewa.

Mengine kwa haraka. Picha zinazopishana juu ya ukurasa ziondoe, ubakize moja. Video ya YouTube iwe picha tuli mpaka mtu aiguse. Plagini usiyoitumia ifute kabisa. Kama seva inachukua zaidi ya sekunde 0.8 kutoa jibu la kwanza, washa kache (nakala ya ukurasa iliyo tayari) kabla ya kufikiria kuhama seva. Kisha zima Wi-Fi, chukua simu ya kawaida, ufungue ukurasa kwa bando ukiwa nje ya mji. Kipimo hicho hakidanganyi.

Usitegemee takwimu za watumiaji halisi kubadilika kesho yake. Zinajumlisha siku 28, nazo zitasogea kidogo kidogo.

Wiki ya 9 hadi ya 12: subiri, pima, kisha ongeza

Tangu wiki ya 2 unatakiwa kuwa na daftari lenye safu nne: tarehe, ukurasa, kilichobadilishwa, kilichotarajiwa. Bila daftari, mwezi wa tatu utaona ongezeko na hutajua ulifanya nini. Kwenye ukurasa mmoja usibadilishe kichwa, anwani na maudhui siku moja. Na anwani, kama hakuna shida, usiiguse kabisa.

Linganisha siku 28 za karibuni na zile za mwanzo, ukurasa kwa ukurasa. Nafasi ya wastani isikutie hofu peke yake: ukurasa ukianza kutokea kwa maneno mapya kumi kwenye nafasi ya 30, wastani unashuka wakati mibofyo inapanda. Zingatia msimu pia. Kuku wa nyama hukaa wiki 5 hadi 6, kwa hiyo wanaolenga Krismasi wanatafuta vifaranga kuanzia mwishoni mwa Oktoba hadi katikati ya Novemba. Ongezeko la wakati huo si lako lote. Na ukurasa wa vifaranga vya nyama urekebishwe kabla Septemba haijaisha, ili Google iwe imekwisha kuupitia wakati watu wanapoanza kutafuta.

Ukiona kwenye lahajedwali maneno yanayokuletea watu ambayo huna ukurasa wake, ndipo sasa uandike mpya, usiozidi mmoja kwa wiki mbili. Ukiweka fomu ya oda, iwe na sehemu tatu: jina, simu, idadi ya vifaranga. Kila unayoongeza inapunguza wanaomaliza, na kila taarifa unayoihifadhi unawajibika nayo chini ya sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, ya 2022 kwa Tanzania na ya 2019 kwa Kenya.

Ukurasa ukiporomoka baada ya marekebisho, usirudishe ya zamani siku ya tatu. Kagua kwanza kama bado umeorodheshwa, kama kichwa kilichoonyeshwa na Google ndicho ulichoandika, na kama ukurasa mwingine wa tovuti yako umechukua nafasi yake kwa neno lile lile. Kama yote yako sawa, upe wiki tatu. Baada ya hapo fungua daftari, rudisha badiliko moja la mwisho, uandike tarehe.